Mlinzi wa Bure na Daftari Lake

Msimu wa kuwasilisha kazi za mwisho wa masomo, vibanda vya fotokopi vilivyo karibu na Chuo Kikuu cha Kisangani hujaa tangu asubuhi. Mwanafunzi huja na flashi shingoni, ndani yake kurasa sitini alizozihangaikia miezi, na mwalimu anazingoja kabla ya saa sita. Kijana wa kibanda anaichomeka. Mafaili yote yamegeuka vialama vya njia ya mkato. Ukibofya, hakifunguki kitu. "Yaya, flashi yako iko na virusi." Foleni nzima inaguna, maana kila aliye nyuma anajua flashi yake nayo ilichomekwa hapo hapo jana.

Ndiyo sababu kompyuta isiyo na kinga huku haimalizi wiki. Na kinga yenyewe mara nyingi ni ya bure. Leseni huuzwa kwa dola na hulipiwa kwa kadi ya benki, kitu ambacho mwenye kibanda hana, basi huchukua ile isiyolipiwa na kushukuru. Simlaumu hata kidogo. Ila ukimwona zamu, kama tunavyowaita walinzi wa usiku huku kwetu, anakesha langoni miaka yote bila kudai mshahara, una haki ya kujiuliza anakula wapi.

Jibu lilipatikana Prague. Kampuni ya Avast ilianzia huko mwaka 1988, enzi za Czechoslovakia, kama chama cha ushirika cha watu wachache waliokuwa wakiwinda virusi vya mwanzo mwanzo. Ikakua kwa kugawa programu yake bure. Mwaka 2016 ilimnunua mshindani wake AVG kwa dola bilioni 1.3, na ikawa inajivunia watumiaji zaidi ya milioni 400 kwa mwezi duniani kote. Kabla ya hapo, mwaka 2013, ilikuwa imenunua kampuni changa iitwayo Jumpshot, ikaigeuza duka la takwimu. Kuanzia 2014 hadi Januari 2020 duka hilo liliwauzia wateja zaidi ya 100 orodha za kurasa ambazo watu walikuwa wakizifungua kwenye vivinjari vyao. Kampuni moja ya matangazo, Omnicom, ilikubali kulipa dola 2,075,000 ili ipate mzigo wa mwaka 2019 peke yake.

Ilikuwaje mlinzi akaona yote hayo? Nenda kwenye maporomoko ya Wagenia hapa Kisangani utazame migono. Mvuvi wa pale hamfukuzi samaki. Husimika magogo yake kwenye mwamba, penye mkondo mkali, akatundika mgono mahali ambapo maji hayana njia nyingine ya kupita. Programu ya kuzuia virusi hukaa mahali kama hapo. Ili ikuonye kwamba tovuti fulani ni ya matapeli, ni lazima iangalie anwani kabla ukurasa haujafunguka. Unachobofya wewe hupita mbele yake kwanza. Avast ilikuwa na kiendelezi cha kivinjari kwa kazi hiyo, na anwani zilizopita hapo hazikuishia kukaguliwa. Zilihifadhiwa.

Kampuni ilijitetea kwamba majina na anwani za barua pepe viliondolewa kabla ya kuuza. Hapa ndipo penye sayansi ya kuvutia, na ndipo watu wengi hudanganyika. Kila mstari wa takwimu hizo ulibeba namba ya kudumu ya kifaa, aina ya kivinjari, mji na nchi, na wakati wa kila tukio hadi sekunde. Jarida la PCMag, ambalo pamoja na tovuti ya Motherboard lilifichua biashara hiyo tarehe 27 Januari 2020, lilitoa mfano huu: kifaa fulani, tarehe 1 Desemba 2019, saa 12:03:05, kimeweka iPad kwenye kikapu cha Amazon. Kwako wewe mstari huo hausemi ni nani. Amazon wao wanajua vizuri ni mteja gani aliyeweka iPad kikapuni sekunde ile. Wakishajua, ile namba ya kifaa imepata jina, na historia yote iliyofungwa kwenye namba hiyo imekuwa ya mtu mmoja mwenye uso.

Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani, FTC, ilipochunguza sampuli ya anwani 100 tu, ilikuta utafiti kuhusu dalili za saratani ya matiti, kiungo cha katikati ya fomu ya kuomba msaada wa karo, maelekezo ya ramani kutoka mahali hadi mahali, video ya watoto, na tovuti ya Kifaransa ya kutafuta wachumba ikiwa na namba ya mwanachama. Ugonjwa, ukata, njia ya nyumbani, upweke. Ni nani ambaye bado anahitaji jina?

Kibanda chetu, ajabu, kingemsumbua kidogo mnunuzi wa takwimu hizo. Kompyuta moja hutumiwa na watu thelathini kwa siku: anayetafuta mada ya sheria, anayetuma barua Kinshasa, anayesaka dawa ya ugonjwa asioutaja. Nyayo zao huchanganyika chini ya namba moja kama sombe chunguni. Kinga hiyo ya umaskini hudumu mpaka mmoja wao aingie kwenye akaunti yake, maana anwani za kurasa mara nyingine hubeba jina la mtumiaji ndani yake. Mwenye kompyuta yake nyumbani Makiso au Mangobo hana hata kinga hiyo. Tena nyayo zake zilisafirishwa kwa mega alizozinunua mwenyewe.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba haikuwa lazima. Kuna njia ya kukagua tovuti bila kumfuata mtu, na vivinjari vimeitumia kwa miaka. Kompyuta huigeuza anwani, kwa kanuni ya hisabati, kuwa mfuatano wa tarakimu na herufi 64 ambao haufanani na anwani yenyewe hata chembe. Kisha hulinganisha mwanzo wa mfuatano huo na orodha ya tovuti mbaya iliyokwisha kupakuliwa. Kwa kurasa nyingi hailingani, na hakuna kinachotumwa popote. Ikilingana, hutumwa alama 8 za kwanza tu; seva hurudisha mifuatano yote inayoanza hivyo, na uamuzi hufanywa ndani ya kompyuta yako. Mlinzi anauliza, "Orodha yenu ina mtu ambaye jina lake linaanza na Ka?" Hasemi aliyesimama langoni ni Kabeya au Kalonda.

Siku tatu baada ya ufichuzi, Avast ilitangaza kuifunga Jumpshot. Mwaka 2022 iliungana na NortonLifeLock ikawa Gen Digital. Februari 2024 FTC ilitangaza kuitoza Avast dola milioni 16.5 na kuipiga marufuku kuuza takwimu za kuvinjari kwa ajili ya matangazo. Miezi miwili baadaye mamlaka ya Jamhuri ya Czech ikatoza faini ya koruna milioni 351. Kwetu Kongo, Kanuni ya Kidijitali ilitiwa saini tarehe 13 Machi 2023, na ina sehemu nzima ya kulinda taarifa binafsi. Duka lilikuwa limefungwa miaka mitatu kabla.

Kwa hiyo, kijana wa kibanda, usiondoe kinga. Flashi zitakuua kesho yake. Windows 10 na zilizofuata zimekuja na kinga yao ndani, hailipiwi zaidi. Fungua kivinjari, tazama orodha ya viendelezi, na ufute kile usichokumbuka kukiweka. Ukisakinisha programu, usibofye "Ndiyo" kabla hujasoma inaomba nini.

Fedha za FTC zilitengwa kwa ajili ya kuwarudishia wateja walionunua programu ya Avast kati ya Agosti 2014 na Januari 2020. Waliopewa bure hawamo kwenye hesabu hiyo.