Je, Wajua? Ratiba ya Boti za Lamu Imo Mwezini

Je, wajua kwamba Lamu inasubiri treni tangu mwaka 2012? Machi 2 mwaka huo, Rais Mwai Kibaki, Rais Salva Kiir wa Sudan Kusini na Waziri Mkuu wa Ethiopia, Meles Zenawi, walizindua mradi wa LAPSSET: bandari, barabara, bomba la mafuta na reli. Gati la kwanza lilifunguliwa Mei 20, 2021. Reli haijafika. Mtu wa Lamu anayetaka treni huvuka hadi Mokowe, upande wa bara, akapanda basi mpaka Mombasa, kisha akaifuata stesheni ya Miritini. Huko treni ya asubuhi huondoka saa mbili, iwe mwezi mchanga au mpevu.

Sasa simama gatini Lamu umuulize baharia boti ya Faza inatoka saa ngapi. Atakwambia, "Maji yakijaa." Mgeni hudhani anazungushwa, kumbe amepewa jibu kamili. Boti za Pate, Faza na Kizingitini hupitia Mkanda, mlango mwembamba kati ya Manda na bara, mikoko huku na huku. Maji yakipwa, chombo chenye abiria na magunia ya unga huweza kukaa matopeni. Ndiyo maana boti hupenda kung'oa nanga kama saa moja kabla maji hayajajaa kabisa.

Na maji yenyewe hayabahatishi. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, maji ya bamvua, yale yajaayo na kupwa sana, hujaa pwani yetu mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri. Kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi, kwa sababu dunia ikimaliza kujizungusha hukuta mwezi nao umesogea mbele. Basi hesabu ni rahisi. Leo ni mwezi 4, yaani siku ya nne tangu uandame? Siku tatu zimepita, mara dakika 50, ni saa mbili na nusu. Ongeza juu ya saa kumi: maji yatajaa karibu saa kumi na mbili na nusu, na boti ya asubuhi itakusubiri mnamo saa kumi na moja na nusu. Ukifika mwezi 8 ni maji mafu, hayajai sana wala hayapwi sana, na kilele chake huwa mnamo saa nne.

Asiyependa hesabu ana jedwali za maji zinazotolewa na Mamlaka ya Bandari ya Kenya. Mimi naziamini zaidi ngazi za gati. Zile za chini zina mwani na utelezi. Zikionekana nyingi, bado una muda wa kunywa chai. Tazama pia mashua zilizotia nanga: upepo ukiwa mdogo, omo huelekea kule mkondo unakotoka. Zikianza kugeuka, maji nayo yamegeuka.

Uingereza, treni ndizo zilizoilazimisha miji kufuata saa ya London. Kabla yake Bristol ilikuwa nyuma kwa dakika kumi. Maji ya bahari hayajalazimishwa na mtu.

Kwa hiyo ukialikwa arusi Faza, uliza kwanza mwezi ni wa ngapi. Ukiyakosa maji ya asubuhi, yajayo ni baada ya saa 12 na dakika 25, na huenda giza limeshaingia.