Okidi zinazowahadaa nyuki madume

Ukiitazama kwa karibu okidi ya jenasi Ophrys, inayomea Ulaya na kandokando ya Bahari ya Mediterania, utadhani mdudu ametua juu yake. Petali yake ya chini, iitwayo mdomo, ni nene, ya kahawia na yenye vinyweleo. Kwa sura hiyo Carl Linnaeus aliipa mojawapo jina Ophrys insectifera mwaka 1753, yaani yenye kubeba wadudu. Mwaka 1762 Mwingereza William Hudson akaiita nyingine Ophrys apifera, yenye kubeba nyuki.

Siri ya mfanano huo ilifumbuliwa Algeria. Huko, jaji Mfaransa aitwaye Pouyanne aligundua kwamba nyigu wanaoitembelea Ophrys speculum ni madume watupu. Ua halina nekta ya kuwalisha. Madume hao walikuwa wakijaribu kujamiiana nalo. Yeye na Henry Correvon walichapisha habari hizo mwaka 1916. Mwaka 1927, Edith Coleman wa Australia akaeleza hadaa kama hiyo kwa okidi ya huko, Cryptostylis leptochila.

Chambo kikuu ni harufu. Mwaka 1999, Florian Schiestl na wenzake walionyesha kuwa Ophrys sphegodes hutoa mchanganyiko wa hidrokaboni uleule unaomtambulisha nyuki jike wa aina ya Andrena nigroaenea. Dume hutua na kukumbatia mdomo wa ua. Anapohangaika, vifurushi viwili vya chavua vyenye gundi humganda kichwani. Akihadaika tena kwenye ua jingine, chavua hiyo hunasa kwenye stigma, sehemu ya ua inayoipokea, na mbegu hutungwa.

Majina, basi, yalifuata macho ya binadamu, si pua ya mdudu. Waingereza huiita Ophrys insectifera okidi ya inzi, ilhali huchavushwa hasa na nyigu Argogorytes mystaceus. Nayo Ophrys apifera, huko Uingereza, kwa kawaida haimhitaji nyuki: vikonyo vya chavua hulegea na kuinama, upepo ukavisukuma hadi vikagusa stigma ya ua lilelile.

Lakini okidi nyingi za jenasi hii hazina njia hiyo, na kila moja hutegemea aina moja au chache tu za wadudu. Kwa hiyo, kuzizungushia uzio ili kuzihifadhi hakutoshi. Nyuki wa Andrena hutaga mayai kwenye vishimo ardhini. Udongo huo ukilimwa au kupuliziwa sumu, okidi itachanua bila kupata mbegu. Anayetaka kulihifadhi ua hana budi kumhifadhi na mdudu wake.