Nyota Hujaza Uwanja, Kikosi Ndicho Hushinda

Wapo wazazi wa Pwani ambao wana wao husoma bara, katika shule za bweni za Bungoma na Kitale. Mojawapo ni Friends School Kamusinga, shule ya kitaifa iliyoko Kimilili, upande wa Mlima Elgon. Kijana arudipo likizoni huja na maneno mapya, na miongoni mwayo ni raga. Magharibi mchezo huo una wapenzi wengi. Kakamega ndiko nyumbani kwa Kabras Sugar, waliotwaa Kombe la Kenya mwaka 2016. Kijana huja pia na jina la nyota wake, na mama hujiuliza: huyu ampendaye mwanangu anamfundisha nini?

Tumtazame Collins Injera. Msimu wa 2008/09 aliongoza dunia kwa kufunga trai katika raga ya wachezaji saba kila upande. Machi 2009 Kenya ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia kule Dubai, na Wakenya waishio Ghuba walifurika uwanjani kuishangilia Shujaa, timu yao ya taifa. Hivyo ndivyo nyota avutavyo watu: hata asiyejua kanuni za mchezo huja ili amwone mtu mmoja.

Tarehe 17 Aprili 2016, Kenya iliishinda Fiji 30-7 katika fainali ya Singapore, na Injera alifunga trai mbili. Lakini mpira haukumfikia peke yake. Palikuwa na nahodha Andrew Amonde, na palikuwa na kocha, marehemu Benjamin Ayimba. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mwaka 2023 Shujaa waliteremshwa daraja. 2024 wakapanda tena, kwa jasho la vijana wengi ambao majina yao hayakuwa yakitajwa vibarazani.

Mfano wa pili unatugusa sisi Waislamu. Sonny Bill Williams wa New Zealand, bingwa wa dunia mara mbili, alisilimu akiwa tayari mashuhuri. Mwaka 2017 aliifunika kwa utepe nembo ya benki kwenye kola ya jezi yake, kwa kuchelea kuitangaza riba. Viongozi wa mchezo wakamkubalia. Baadaye alisajiliwa na Toronto Wolfpack kwa mshahara mkubwa, ili watu waje na timu isimame. Jina lake lilivuma. Hata hivyo, mwaka 2020 timu ilipoteza mechi zake zote 6 za ligi, kisha ikajiondoa wakati wa janga la korona. Umaarufu haukuiokoa. Kilichobaki mikononi mwake ni ule msimamo juu ya kola ya jezi.

Kwa hiyo, mama, usiukatae mchezo kwa pupa. Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na Bi Aisha (R.A.), na mwili wenye afya ni amana. Lakini uliza kabla ya kuridhia. Je, mazoezi yanaacha nafasi ya sala? Kaptura inafunika magoti? Nani humtazama kijana agongwapo kichwa, na je, hupumzishwa? Mechi ikiisha, hurudi bwenini au hufuata kundi kwenye vileo? Hata mashindano ya Driftwood hapa Mombasa yana umati wake. Heri kijana aende na baba au mjomba kuliko aende kwa siri.

Kisha mwulize swali moja zaidi: katika timu yako, nani hukupa mpira? Akikutajia wenzake kwa majina, na kazi ya kila mmoja, basi raga imemfunza jambo. Akijitaja mwenyewe tu, kazi ya malezi bado ingalipo, na hiyo haimalizwi na kocha wala na nyota wa runingani. Ni yetu sisi nyumbani.