Mianya ya Vigae vya Meko

Katika nchi za milimani, kama vile Lushoto na Limuru, baridi hulazimisha watu kuota moto, na nyumba nyingi za zamani huko zina meko yaliyojengwa ndani ya ukuta, yenye dohani ya kutolea moshi. Kuuzunguka mdomo wa meko hayo fundi hubandika vigae, kwa kuwa havishiki moto na masizi yake hufutika kwa urahisi. Kazi hii yaonekana nyepesi. Lakini mara nyingi vigae hupasuka kabla ya mwaka kwisha, na huenda kigae cha moto kikaangukia miguu ya mtoto aliyeketi kuota. Na tuitafute sababu.

Kitu kigumu kipatapo joto hutanuka, na kikipoa hunywea. Mmepata kuona chemni ya taa ikipasuka kwa tone moja la maji: mahali palipopoa pamenywea ghafula, na sehemu nyingine za kioo bado zimetanuka. Tena vitu havitanuki kwa kipimo kimoja. Ufito wa chuma wa mita 1, ukizidishiwa joto la digrii 100, huongezeka milimita 1 na kidogo. Safu ya vigae ya urefu ule ule huongezeka kama nusu yake tu. Mtasema, milimita ni nini? Ni kitu kidogo, kweli, lakini nguvu yake ni kubwa. Chuma kilichobanwa hakiombi njia. Husukuma, na kigae, ambacho hakipindiki, hupasuka.

Kwa hiyo fundi mwenye akili huacha mwanya wa milimita 3 hivi kati ya kigae na kigae. Husubiri siku nzima au zaidi, hata saruji ya nyuma ishike, kisha hushindilia saruji laini mianyani mpaka ifike chini kabisa, na iliyobaki huifuta kwa sifongo yenye unyevu. Maji yasizidi, maana saruji ya majimaji hunywea ikikauka na kufanya nyufa.

Lakini hapa ndipo wengi hukosea: vigae vinapokutana na fremu ya chuma, au na sakafu, au katika pembe ya kuta mbili, saruji haifai, kwa sababu ikikauka ni ngumu kama jiwe. Mwanya wa mahali hapo hujazwa kitu laini kivumiliacho moto, kama kamba ya nyuzi zisizoungua. Zamani mafundi walitumia kamba ya asbesto. Sasa yajulikana kuwa vumbi lake huleta saratani ya mapafu, na Uingereza iliikataza kabisa mwaka 1999; mkiikuta katika nyumba ya kale, msiiguse.

Wala moto usiwashwe upesi. Saruji mbichi ina maji ndani yake; yakichemka ghafula, mvuke hutafuta njia ya kutokea na kuvibandua vigae. Meko huachwa siku kadhaa yakauke, kisha huwashwa vijiti vichache tu, na kesho yake kuni zaidi.