Alama za bunduki kuukuu hufichua asili yake

MKAZI wa Nyaramba, Nyamira, akifukua bunduki kuukuu shambani, asikwangue kutu. Alama zilizo chini yake ndizo ushahidi.

Mnamo Septemba 12, 1914, majeshi ya Uingereza na Ujerumani yalipambana Kisii. Taji, neno 'Enfield' na mwaka huonyesha kwamba silaha iliundwa Uingereza. 'Mod. 71' ni Mauser ya Kijerumani ya muundo wa 1871, ambayo askari wengi wa Wajerumani waliibeba.

Hata hivyo, alama humtaja mwundaji, wala si aliyeibeba mwisho. Mwaka 1917 Wajerumani waliteka bunduki za Wareno huko Ngomano, Msumbiji, wakazitumia.

Aidha, kumiliki bunduki bila leseni ni hatia nchini Kenya. Aliyeifukua aiache ilipo, awaarifu polisi.