Kujikwaa Si Kuanguka: Namna ya Kumsaidia Anayehangaika Kuacha Sigara

Katika mwezi wa Ramadhani, wavutaji wa sigara wanaofunga katika kata ya Chuno, Manispaa ya Mtwara-Mikindani, hufanya jambo ambalo katika miezi mingine wengi wao husema hawaliwezi. Tangu alfajiri hadi adhana ya magharibi, kwa muda wa saa 13 hivi, hawatii sigara kinywani. Huendesha bodaboda juani, hubeba mizigo, hufungua maduka, na siku hupita. Jua likizama, wapo ambao huitafuta sigara hata kabla ya futari kwisha. Na mwezi ukiandama, mtu huyohuyo humwambia mkewe, daktari wake na nafsi yake kwamba hana nguvu ya kuacha.

Kauli hiyo inastahili kuchunguzwa. Mtu anayejizuia mchana kutwa kwa siku 29 au 30 mfululizo hawezi kuitwa dhaifu. Nguvu anayo. Anachokosa ni mpango wa saa zinazobaki, na mara nyingi anakosa pia mtu wa kumsaidia kuupanga. Tofauti hii ni kubwa katika tiba, kwa sababu anayeambiwa kila mara kwamba hana nia huishia kuamini hivyo, na akiamini hivyo hajaribu tena.

Nikotini hufanya nini mwilini

Moshi wa sigara ukivutwa, nikotini hufika kwenye ubongo kwa muda wa sekunde 10 hadi 20. Huko huchochea kutolewa kwa dopamini, kemikali inayomfanya mtu ahisi raha na kutaka kurudia kilichompa raha hiyo. Baada ya saa mbili hivi, nusu ya nikotini iliyokuwa kwenye damu huwa imeondoka. Mwili uliozoea huanza kudai: mtu hukasirika upesi, hukosa utulivu, hushindwa kukaza fikra, hupata njaa na usingizi humruka. Vijana wa mitaani huiita hali hiyo arosto. Huwa kali zaidi katika siku mbili au tatu za kwanza, kisha hupungua, na kwa watu wengi huisha ndani ya wiki mbili hadi nne.

Jambo ambalo wavutaji wengi hawajaelezwa ni hili: sigara inayoonekana kutuliza mawazo mara nyingi hutuliza tu usumbufu ulioletwa na sigara iliyotangulia. Anayevuta ili apate utulivu analipa deni ambalo sigara yenyewe ndiyo iliyomkopesha, na kila malipo hufungua deni jipya.

Hata hivyo, nikotini peke yake haielezi yote, na hapa funzo la Ramadhani lina uzito wake. Mwaka 2010, mtafiti Reuven Dar wa Tel Aviv na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi uliofanywa kwa wahudumu wa ndege wanaovuta sigara. Walipima hamu yao katika safari fupi na katika safari ndefu. Hamu ilipanda kadiri ndege ilivyokaribia kutua. Mwishoni mwa safari fupi ilikuwa kubwa kuliko katika saa hiyohiyo ya safari ndefu, ingawa muda uliopita bila sigara ulikuwa sawa. Kwa maneno mengine, hamu haikufuata tu kiasi cha nikotini kilichobaki kwenye damu, ilifuata matarajio. Penye mlango uliofungwa kwa hakika, akili huacha kubisha.

Anayefunga anajua tangu daku kwamba sigara haimo katika mchana wake. Hajadiliani nafsini mwake kila nusu saa. Katika miezi mingine majadiliano hayaishi, kwa sababu sigara huuzwa mojamoja kwenye genge lililo hatua chache kutoka mlangoni. Mkristo, au yeyote asiyefunga, anaweza kuliazima funzo hilo: uamuzi mmoja ulio wazi huchosha kidogo kuliko maamuzi madogo ishirini kwa siku. Utafiti uliofanywa Uingereza kwa wavutaji 697 na kuchapishwa mwaka 2016 unaelekea upande huohuo. Waliopanga siku moja ya kuacha kabisa walifaulu zaidi kuliko waliopunguza kidogo kidogo: baada ya wiki nne, asilimia 49 ya kundi la kwanza hawakuwa wakivuta, ikilinganishwa na asilimia 39 ya kundi la pili.

Kushindwa mara nyingi ni jambo la kawaida

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 kuhusu matumizi ya tumbaku ulionyesha kwamba asilimia 8.7 ya watu wazima nchini Tanzania walikuwa wakitumia tumbaku ya aina fulani: asilimia 14.6 ya wanaume na asilimia 3.2 ya wanawake. Wengi wa watu hawa wana jamaa aliyewahi kuwaambia, “Kama ungetaka kweli, ungeacha.” Takwimu hazikubaliani na jamaa huyo. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba majaribio ya kuacha yasiyo na msaada wowote hufaulu kwa kiasi cha asilimia 4 tu. Watafiti wa Ontario, Kanada, walikadiria mwaka 2016 kwamba mvutaji anaweza kujaribu mara 30 au zaidi kabla ya kuacha moja kwa moja.

Takwimu hizo zinaweza kumtisha msomaji, lakini zisomwe kwa utulivu. Mtu aliyejaribu mara tano na kurudi yuko njiani, pale walipopita wengi ambao leo hawavuti. Kila jaribio limemfundisha kitu: saa iliyomshinda, rafiki aliyemkaribisha, ugomvi uliomrudisha dukani. Asipolaumiwa hadi akajificha, anaweza kuyatumia aliyojifunza katika jaribio linalofuata.

Dakika tatu za mhudumu wa afya

Mwaka 1979, Michael Russell na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa kwa wagonjwa wa madaktari 28 jijini London. Wavutaji ambao daktari aliwashauri kwa dakika moja au mbili waache, akawapa kijikaratasi cha maelezo na kuwaambia kwamba watafuatiliwa, walifaulu kwa asilimia 5.1 baada ya mwaka mmoja. Wale ambao hawakuambiwa lolote walifaulu kwa asilimia 0.3. Asilimia tano si nyingi kwa mgonjwa mmoja. Lakini kwa zahanati inayoona wavutaji mia kadhaa kwa mwaka, hizo ni roho za watu, na gharama yake ni maneno machache tu.

Maneno hayo yana namna yake. Swali la “Kwa nini hutaki kuacha?” humfanya mgonjwa ajitetee. Swali lenye manufaa zaidi ni la saa: “Shikamoo baba. Sigara ya kwanza ya siku unaivuta muda gani baada ya kuamka?” Anayevuta ndani ya dakika 30 baada ya kuamka ana utegemezi mkubwa na anahitaji zaidi ya ushauri. Swali la pili: “Mara ya mwisho ulipoacha, ulikaa siku ngapi, na ni nini kilikurudisha?” Swali hili linatambua kwamba mzee huyu aliwahi kushinda, hata kama ni kwa siku nne. Swali la tatu: “Tuchague siku gani?” Na kabla hajaondoka, apewe tarehe ya kurudi ndani ya wiki moja baada ya siku hiyo, maana ndicho kipindi ambacho wengi hurudia.

Dawa zipo. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza wa tiba ya kuacha tumbaku kwa watu wazima, likipendekeza bidhaa za nikotini kama bandiko na jojo, pamoja na vareniklini, bupropioni na sitisini. Ushauri wa kitaalamu na dawa hizi huweza kuongeza uwezekano wa kufaulu zaidi ya maradufu. Hazipatikani kila mahali, na zina masharti yake, hivyo mgonjwa azitumie kwa maelekezo ya daktari au mfamasia. Pale zisipopatikana, ushauri na ufuatiliaji bado vina thamani yake kamili.

Wahudumu wakumbuke mambo mawili ambayo husahaulika. La kwanza, uvutaji huongeza hatari ya kuugua kifua kikuu na hatari ya ugonjwa huo kurudi baada ya matibabu. Kila anayekuja kuchukua dawa za kifua kikuu aulizwe kuhusu sigara. La pili, moshi wa tumbaku huharakisha kazi ya ini ya kuondoa baadhi ya dawa mwilini. Mvutaji akiacha, kiwango cha dawa kama aminofilini au klozapini kinaweza kupanda kwenye damu ilhali dozi haijabadilika, na mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini anahitaji kupima sukari kwa karibu zaidi.

Kahawa nayo imo katika kundi hilo. Aliyeacha sigara na kuendelea na vikombe vilevile vya barazani hubaki na kafeini mwilini kwa muda mrefu zaidi. Moyo humwenda mbio, mikono humtetemeka, usiku halali. Naye hudhani ni arosto imemzidi, akarudi kwenye sigara. Kupunguza kahawa kwa nusu katika wiki za mwanzo kunaweza kumwondolea adha hiyo.

Nyumbani na barazani

Familia ina sehemu yake. Mke anayehesabu vishungi vya sigara uani na kuvitangaza mbele ya wageni anamfundisha mumewe kuvuta kwa siri. Afadhali aulize, “Leo saa ipi ilikuwa ngumu?” na kuwa tayari kwa hasira za wiki ya kwanza bila kuzichukulia kama ugomvi wa ndoa. Watoto wanaweza kumkumbusha baba maji, karanga au kipande cha muhogo mbichi cha kutafuna. Kinywa kilichozoea kushughulishwa hutaka shughuli. Iliki, karafuu au mswaki hufaa pia. Wimbi la hamu kwa kawaida hudumu dakika chache, na anayebadili mahali au kazi katika dakika hizo mara nyingi huliona likipita.

Marafiki wa baraza nao wana uwezo ambao daktari hana. Anayeacha na awaambie waziwazi: “Jamani, tangu Jumatatu msinikaribishe sigara.” Kwa wiki chache anaweza kukaa mbali na pembe wanayovutia, au kuja kucheza bao na kuondoka kahawa inapopita. Wanaobaki wasimjaribu kwa utani wa “moja tu”. Wahenga walisema chovya chovya humaliza buyu la asali, na ndivyo wengi wanavyorudi: kwa sigara moja ya kupewa.

Siku ya kujikwaa

Ikitokea akavuta, asihitimishe kwamba yote yameharibika. Sigara moja baada ya siku kumi haizifuti siku kumi. Hatari kubwa iko katika fikra inayofuata: “Nimekwisha shindwa, basi nimalizie pakiti.” Hapohapo azitupe zilizobaki, aandike au akumbuke alikuwa wapi, na nani, na saa ngapi, kisha aendelee kutovuta kuanzia saa hiyo bila kungoja kesho. Akirudi kliniki, apokewe kama anavyopokewa mgonjwa wa shinikizo la damu ambalo limepanda tena: kwa kupimwa, kubadilishiwa mpango na kutiwa moyo.

Naye ajue anachokipigania. Ndani ya dakika 20 baada ya sigara ya mwisho, mapigo ya moyo huanza kushuka. Katika siku chache, gesi ya kaboni monoksidi, inayonyang’anya damu nafasi ya kubeba oksijeni, hurudi katika kiwango cha asiyevuta. Katika miezi ya kwanza kikohozi na kuhema hupungua. Baada ya mwaka mmoja, hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo hushuka kwa nusu hivi.

Richard Doll na wenzake waliwafuatilia madaktari wa Uingereza tangu mwaka 1951 hadi 2001. Waliona kwamba waliovuta maisha yao yote walikufa mapema kwa wastani wa miaka 10. Aliyeacha akiwa na miaka 30 aliirudisha karibu yote. Akiwa na miaka 40 alirudisha tisa. Akiwa na 50, sita. Na akiwa na 60, mitatu. Mzee wa Chuno anayesema ameshachelewa na aambiwe habari hiyo ya mwisho. Miaka mitatu ni mavuno matatu ya korosho, na huenda ni mjukuu atakayemkuta babu yake hai na kulijua jina lake.