Soma Alama za Meno Kabla ya Kujenga Ua

Kuanzia Oktoba, mashamba ya Olenguruone, Kenya, yanayopakana na Msitu wa Mau, pande za Tinet na Kiptagich, huanza kuwa ya manjano. Mahindi yamekauka, mabua yamekatwa na kusimamishwa kwa mafungu, na maboga yamebaki wazi baada ya majani yake kunyauka. Mkulima anahesabu chakula cha mwaka. Wanyama wa msituni nao wamekwisha kukiona.

Wakulima wakiniomba dawa ya kuwafukuza, mimi huomba kwanza nionyeshwe boga lililoliwa. Boga lenyewe hutaja aliyelila. Mifereji mipana iliyochongwa sambamba, kana kwamba mtu amepitisha patasi, ni meno ya nungunungu, naye huja usiku. Tundu dogo linaloelekea kwenye mbegu, na vinyesi mfano wa punje za mchele kando yake, ni panya. Udongo ukiwa umefukuliwa na mimea kukanyagwa ovyo, nguruwe mwitu amepita. Mahindi yaliyomenywa, yakaliwa nusu na kutupwa huku na kule mchana, hiyo ni kazi ya tumbili.

Kila mmoja ana kinga yake. Nungunungu hachupi ua, huchimba chini yake. Kwa hiyo wavu wa waya uzikwe ardhini angalau sentimita 30, la sivyo umejenga ua wa kutazamwa tu. Panya huzuiwa kwa kuinua ghala karibu mita moja kutoka ardhini na kuvisha kila nguzo kikinga cha bati laini kilichopanuka kama faneli, maana kucha zake hazipati pa kushika. Tumbili haogopi sanamu ya matambara kwa muda mrefu. Akiiona mahali pamoja siku chache, huizoea. Ihamishe mara kwa mara, na wakati wa mavuno awepo mtu na mbwa shambani.

Pilipili nayo husaidia. Huko Marekani, ambako watu hupamba milango yao kwa maboga mwezi huohuo wa Oktoba, wengi huyanyunyizia maji ya pilipili ili kuwazuia kuchakuro. Ukali wake huwaunguza mdomo wanyama wanaonyonyesha, lakini ndege hawausikii, hivyo hautawazuia kunguru. Mvua ikinyesha, nyunyiza upya, na uoshe boga vizuri kabla ya kulipika.

Hata hivyo, kinga iliyo bora ni kuvuna mapema. Bonyeza ganda kwa ukucha. Usipopenya, boga limekomaa. Likate likiwa na kikonyo chake, lianike juani kwa siku 10 hivi, kisha liweke ndani mahali pakavu. Yaliyooza yaondoe shambani siku hiyohiyo, maana harufu yake huita wageni.

Sumu usiiguse. Anayekula chambo si mwizi peke yake: mbwa wako hufa, na bundi anayekula panya aliyekula sumu hufa pia. Bundi huyo ambaye wengi wetu humfukuza kwa kuamini ni mkosi, ndiye askari wa ghala asiyedai mshahara. Tena, chini ya Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013, kumuua mnyamapori bila idhini ni kosa. Sheria hiyohiyo imeweka fidia kwa uharibifu wa mazao, ila kwa wanyama waliotajwa kwenye orodha yake tu, kama vile ndovu na nyati. Wakiingia shambani, piga picha kabla ya kusafisha chochote, kisha utoe taarifa haraka kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS.

Kesho asubuhi ukikuta boga limetafunwa, usilitupe kwa hasira. Liokote, uligeuze, usome alama za meno. Kisha ndipo uende kununua waya.